Aina za Maneno katika Kivunjo

Kivunjo ni lahaja ya Kichaga inayozungumzwa kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, Kilema, Marangu na Mwika zikiwemo. Aina za maneno zinazofundishwa madarasani Moshi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, kwa kawaida ni nane: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Mgawanyo huo unakifaa Kivunjo kwa kiasi tu.

Nomino hutambulika kwa ngeli yake. Mndu ni mtu, wandu ni watu. Kelya, yaani chakula, imo katika ngeli inayolingana na KI-VI ya Kiswahili. Ngeli huongoza upatanisho wa kivumishi na kitenzi. Nomino ya Kiingereza haina ngeli, na kivumishi chake hutangulia bila kupatana na chochote.

Kitenzi ndicho chenye uzito. Neno naikimlyiia, lenye maana ya kwamba mtu anakila chakula kwa ajili ya mwingine, lina mofimu nane: n- ya msisitizo, a- ya mtenda, i- ya wakati uliopo, ki- ya yambwa tendwa, yaani kelya, m- ya yambwa tendewa, mzizi -lyi-, "la", -i- ya kutendea, na kiishio -a. Kiingereza husema hayo kwa maneno sita, He is eating it for her: viwakilishi vitatu, kitenzi kisaidizi, kitenzi kikuu na kihusishi. Kiswahili kimesimama katikati, kwani kitenzi chake hubeba kiambishi kimoja tu cha yambwa: anakila husemwa, anamlia husemwa, lakini anakimlia haisemwi. Wanaisimu Joan Bresnan na Lioba Moshi waliichambua miundo hii ya Kivunjo mwaka 1990 na kuilinganisha na ya Kichewa. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Steven Pinker alilipeleka neno hilohilo kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu The Language Instinct.

Kiwakilishi na kihusishi, kwa sababu hiyo, hupungukiwa na kazi. Kiwakilishi huru hutumika zaidi kwa kusisitiza au kutofautisha, kwa kuwa nafsi na ngeli zimo tayari ndani ya kitenzi. Na pale Kiingereza kinapohitaji for, Kivunjo hutosheka na -i- ya kutendea.

Kiunganishi na kihisishi havina mengi ya kuelezwa: havipatani na ngeli.

Kinachobaki ni mofimu ya msisitizo. Hiyo n-, ambayo huonekana pia kwa umbo la ni, hutangulia kitenzi, hutangulia nomino, na katika sentensi isiyo na kitenzi kingine hufanya kazi ya ni ya Kiswahili. Haiwi kiunganishi, kielezi wala kihusishi, na kuiita kitenzi kishirikishi huacha nje matumizi yake mbele ya kitenzi kamili. Orodha ya aina nane haina mahali pa kuiweka, na kasoro hiyo ni ya orodha, si ya Kivunjo.