Kupita na Kuvuka: Njia ya Thika tangu Reli hadi Barabara Kuu

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Nanyuki huuona mji wa Witeithie kwa muda mfupi tu, baada ya Juja na kabla ya Thika, kisha unabaki nyuma. Mkazi wa Witeithie anaijua barabara hiyo hiyo kwa namna nyingine kabisa. Yeye hana haja ya kuimaliza. Haja yake ni kuivuka, aende sokoni au shuleni, au afike stejini upande wa pili. Nashikilia kwamba historia ya njia hii ni historia ya serikali zilizogharamia kupita na kumwachia mwananchi kuvuka, pamoja na vijia vya kumfikisha nyumbani. Nashikilia pia kwamba chanzo chake si umaskini wala kukosa ujuzi.

Reli ndiyo iliyotangulia. Ilifika Thika mwaka 1913, ikasogezwa kaskazini hadi Nanyuki mwaka 1930. Kazi yake ilikuwa kusafirisha mazao ya walowezi, kahawa na katani, hadi Nairobi na kutoka huko hadi bandari ya Mombasa. Barabara ndogo za maeneo ya Waafrika zilijengwa kwa amri: machifu na wazee wa vijiji walitoa watu, mara nyingi bila malipo. Mwanaharakati Harry Thuku alipouamsha umma mwaka 1922, kitambulisho cha lazima kilichoitwa kipande na kodi havikuwa malalamiko pekee. Wanawake na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi barabarani walikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigia kelele. Thuku alikamatwa mwezi Machi, na polisi wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Barabara, kwa watu hao, ilikuwa kazi ya kutumwa kabla ya kuwa njia ya kwenda popote.

Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya ukanda wa Ruiru, Juja na Thika yalianza kubadilisha mikono. Mengi yalinunuliwa na kampuni za ardhi na vyama vya ushirika, wanachama wakachangishana, kisha yakakatwa vipande. Kwenye ramani kila ploti ilipata njia. Ardhini, njia hiyo mara nyingi ilikuwa ukanda wa udongo usio na mtaro wala kalvati. Palipo na udongo mweusi, kama ilivyo sehemu nyingi za upande wa Juja, mambo huwa magumu zaidi. Udongo huo hufura mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo changarawe iliyomwagwa juu yake bila kuuchimba kwanza humezwa kwa msimu mmoja au miwili. Anayeujenga mtaa wake hulipia barabara mara mbili: anaponunua ploti, na wanapochangishana majirani kuleta lori la moramu.

Lakini serikali ilijua la kufanya, na hapa ndipo ninapoona ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1974 ilianzisha Mpango wa Barabara za Vijijini. Badala ya magreda, ilitumia jembe, sururu na toroli. Vibarua waliajiriwa karibu na mahali pa kazi, kila mmoja akapimiwa kipande chake cha siku, na udongo uliochimbwa kwenye mitaro ya pembeni ndio uliorushwa katikati kuunda mgongo wa barabara ili maji yateremke. Maelfu ya kilomita yalijengwa hivyo, na wataalamu wa nchi nyingine wakaja kujifunza. Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa kazi bora kuliko zote ambazo Kenya huru imefanya barabarani, na inasikitisha kuona inavyotajwa kwa nadra.

Mnamo 2009 ujenzi wa Barabara Kuu ya Thika ulianza: takriban kilomita 50, kampuni tatu za Kichina, mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya China, na gharama iliyofikia takriban shilingi bilioni 30. Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012. Faida zake ni za kweli, na kuzikana ni kuwadharau maelfu wanaofika kazini mapema kuliko zamani. Hata hivyo, baada ya kufunguliwa, watu waliendelea kugongwa wakivuka. Matuta yakawekwa sehemu kadhaa juu ya barabara iliyokusudiwa kuwa ya kasi, na madaraja zaidi ya waendao kwa miguu yakajengwa baadaye. Kivuko kilikuja kama rekebisho, wakati kilistahili kuchorwa siku ile ile ilipochorwa lami.

Wako watakaosema kwamba nchi isiyo na fedha lazima ianze na mshipa mkuu, na kwamba vijia vitafuata. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama vingefuata vyenyewe. Mpango wa 1974 ulitokea kwa sababu havikufuata, miaka kumi na zaidi baada ya uhuru. Wengine husema watu ndio waliojisogeza barabarani, basi wabebe lawama. Sikubaliani nao: ardhi ilikuwa imeshagawanywa, na Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Jomo Kenyatta cha Juja vilikuwa vimejaa wanafunzi, miaka mingi kabla ya mwaka 2009. Wachoraji waliwakuta watu. Wapo pia wanaotaja bei ya ardhi iliyopanda, nayo imepanda kweli. Ila faida hiyo humfikia mwenye ploti, na mpangaji huiona kwenye kodi ya nyumba.

Mgogoro huu wa kupita na kuvuka ulihamia kwenye tozo ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kaunti zilidai sehemu yake, Bunge la Kitaifa likapinga, na shauri likafika mahakamani. Mwendesha bodaboda wa Witeithie hulipa tozo hiyo kila anapojaza tangi, na sehemu kubwa ya safari zake ni kati ya steji na nyumba za ndani, kwenye barabara ambazo zikiharibika husubiri kaunti. Kabla ya kuamua nani agawiwe nini, ingefaa mahakama na wabunge waulize lita hizo zilichomwa kwenye barabara zipi.