Historia ya mgonjwa katika jinakolojia

Historia ya mgonjwa ni maelezo anayoyapata daktari au muuguzi kwa kumhoji mwanamke kabla ya kumpima. Baada ya shida iliyomleta huulizwa kuhusu hedhi: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mzunguko (kwa kawaida siku 21 hadi 35), maumivu na wingi wa damu. Swali la "unatoka damu nyingi?" halisaidii sana, afadhali aulizwe anabadilisha pedi mara ngapi, na kama hutoka mabonge ya damu. Hufuata maswali kuhusu mimba, zikiwemo zilizoharibika, uzazi wa mpango, dawa na upasuaji. Maswali ya unyumba na ukatili huulizwa wakati mume au mama mkwe yuko nje. Hedhi ikichelewa na tumbo likauma upande mmoja, hufikiriwa kwanza mimba nje ya kizazi, hata kwa anayetumia kitanzi.