Mdhamini, Rehani na Arabuni: Sheria ya Wafanyabiashara wa Pwani na Imani Yetu

Kila mwaka baadhi ya vijana wa sharika zetu huomba nafasi ya kusoma sheria chuo kikuu. Wazazi wengine huwaombea kwa furaha, wengine kwa wasiwasi. Wapo wanaodhani kwamba sheria, hasa sheria ya biashara, ni mambo ya dunia tu yasiyo na uhusiano na Injili. Naandika kuonyesha kwamba sivyo. Maneno mengi tunayoyatumia kuueleza wokovu yalikuwa kwanza maneno ya bandarini na sokoni.

Tuanze na mwaka 1331. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alishuka pwani yetu akipitia Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Anasimulia desturi aliyoikuta Mogadishu. Meli ilipofika, vijana wa mji waliifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa chakula mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia mali yake na kumnunulia aliyoyahitaji. Mtu akimpunja mgeni kwa kununua kwa bei ya chini mno, au akimuuzia kitu mwenyeji asipokuwepo, biashara hiyo haikutambuliwa. Ibn Battuta mwenyewe hakupelekwa kwa mfanyabiashara. Waliposikia kwamba ni mtu wa elimu ya sheria, alipelekwa kwa kadhi.

Tazama kilichomo katika desturi hiyo. Mgeni hajui lugha vizuri, hajui bei, hana ndugu mjini. Sheria ikamwekea mtu wa kusimama badala yake. Mtu wa namna hiyo tunamwita wakili, yaani anayetenda kwa niaba ya mwingine. Anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kwa malipo ni dalali. Na biashara isiyotambuliwa na sheria huitwa batili: ni kana kwamba haikufanyika kabisa. Kijana atakayesoma sheria atayakuta mambo hayo matatu mapema.

Ulaya nako walihangaika na tatizo hilohilo. Wafanyabiashara walihama kutoka mnada hadi mnada, wala hawakuweza kungoja kesi kwa miezi. Uingereza zikawepo mahakama za minadani, zilizopewa jina la miguu yenye vumbi, kwa sababu wenye kesi walifika na vumbi la safari. Mwaka 1303 Mfalme Edward wa Kwanza aliwapa wafanyabiashara wa kigeni hati ya haki zao. Aliahidi waamuliwe bila kucheleweshwa, na katika kesi zao nusu ya wazee wa baraza watoke miongoni mwa wageni. Katika karne ya 18 jaji mkuu Lord Mansfield aliziingiza desturi za wafanyabiashara ndani ya sheria ya kawaida ya nchi yake.

Mito hiyo miwili ilikutana hapa kwetu. Sheria yetu inaitaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ambayo sheria za Kiingereza zilizokuwa zikitumika huko zilipokelewa Tanganyika. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, nayo imefuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872. Lakini maneno tuliyoyatumia kuzieleza sheria hizo yalikuwa tayari midomoni mwa watu wa pwani: hati, shahidi, dhamana, rehani, amana, hukumu. Kwa asili ni ya Kiarabu, na yamekuwa Kiswahili kwa karne nyingi. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo kuyajua maneno haya vizuri ni sehemu ya kazi ya mwanasheria.

Sasa fungua Biblia. Mmisionari Mjerumani Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, imejaa maneno ya bandari.

Rehani ni mali unayoiacha kwa anayekukopesha mpaka ulipe. Ukilipa, unaikomboa. Ndiyo maana Walawi 25 inazungumzia kulikomboa shamba, na ndipo tunapoelewa uzito wa kumwita Kristo Mkombozi.

Arabuni ni malipo ya kwanza yanayomfunga mnunuzi amalize deni. Neno hili limo katika Kiarabu na katika Kiebrania, na Kigiriki kililipokea kutoka lugha za jamii hiyo. Paulo analitumia kwa Roho Mtakatifu. Mungu ametanguliza malipo, kwa hiyo hataiacha biashara yetu njiani.

Amana ni mali ya mtu iliyo mikononi mwako, ambayo huna ruhusa ya kuitumia kama yako. Timotheo anaagizwa ailinde amana, yaani Injili aliyokabidhiwa. Hati ni maandishi yanayothibitisha haki au deni, na Wakolosai 2 inasema ile ya kutushitaki ilipigiliwa msalabani. Mdhamini ni anayelipa mdaiwa akishindwa. Mithali inatuonya tusikimbilie kuwa wadhamini, lakini Waebrania 7 inampa Yesu cheo hicho. Aliingia akijua kwamba sisi hatutaweza kulipa.

Wapendwa, ningependa kuishia hapo, lakini historia hairuhusu. Pwani hiyohiyo yenye desturi nzuri ya mgeni iliuza watu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje na Zanzibar zilikuwa na biashara kubwa ya watumwa, nayo ilikuwa na madalali, mashahidi, ushuru na hati zake. Katika miaka ya njaa zipo familia zilizowaweka watoto rehani ili zipate chakula, jambo lilelile lililomkasirisha Nehemia katika sura ya 5 ya kitabu chake. Mikataba ya namna hiyo ingeweza kuwa kamili kwa desturi za wakati ule. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na mahali pa soko la Zanzibar pakajengwa kanisa kuu la Anglikana.

Hapo ndipo imani inapopata kazi yake. Sheria ya biashara huuliza: je, mmekubaliana, mmeandikiana, mashahidi wapo? Ni maswali ya lazima. Lakini swali kwamba kitu hiki kinastahili kuuzwa, au kwamba mtu huyu anaonewa hata kama amesaini, lazima liulizwe na dhamiri. Amosi aliwakemea watu waliokuwa na mizani na vipimo, na bado wakamnunua maskini kwa bei ya viatu.

Haya si mambo ya kale tu. Huku kwetu Goba familia nyingi zimenunua kiwanja kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Kiwanja kikiuzwa mara mbili, mjane aliyetoa akiba yake yote anabaki na karatasi tu. Wapo pia waliomdhamini ndugu kwenye mkopo kwa sababu ya aibu ya kukataa, kisha samani zao zikachukuliwa. Kabla ya kuweka saini mbele ya neno mdhamini, soma deni ni kiasi gani, na ujiulize kama uko tayari kulilipa lote. Kama hauko tayari, kukataa mapema ni upendo kuliko kukimbia baadaye.

Kwa kijana anayekwenda kusoma sheria nasema: nenda. Mgeni wa Mogadishu alihitaji mtu wa kusimama naye asipunjwe, na mjane wa Goba anamhitaji vilevile. Jifunze maneno haya kwa usahihi, maana neno moja lililokosewa katika hati linaweza kumtoa mtu kwenye nyumba yake. Na utakapoapishwa kuwa wakili, kumbuka kwamba Paulo alijiita wakili wa siri za Mungu, kisha akaeleza kwamba kinachotakiwa kwa wakili ni uaminifu.