Mazuku: kifo chenye familia nyingi ziliita uchawi

Mu familia nyingi za Goma, Sake na kandokando ya ziwa Kivu, ukiuliza wazee namna ndugu fulani alikufa, jibu ni fupi: alitoka asubui akiwa muzima, wakamukuta amekufa. Kisha jina la jirani linatajwa, yule aliyesemwa kuwa mulozi. Lakini vifo vingine vya namna hiyo vililetwa na mazuku.

Mazuku ni nini?
Ni gazi kaboniki inayotoka chini ya udongo wa volkano. Watu wanakumbuka moto wa Nyiragongo wa mwaka 1977, 2002 na 2021. Mazuku yenyewe inaua bila moto wala kelele, hata miaka volkano imetulia. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa mu mashimo na fasi za chini sawa vile maji. Inazidi usiku na asubui mapema, upepo ukikosa. Bulengo ni moja ya fasi zinazojulikana.

Inaua namna gani?
Mutu mukubwa aliyesimama anaweza kupita bila kusikia kitu, juu kichwa chake kiko juu ya gazi. Mtoto, ao mutu aliyeinama ao kulala chini, anaivuta. Gazi ikifika 10 kwa mia ya hewa, anaweza kuzimia kwa dakika chache. Anayeshuka kumuokoa anaanguka naye. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kupoteza watu wawili siku moja, na mutaa wote ukasema wamelogwa.

Maswali ya kuuliza wazee
- Alikufia wapi: mu shimo, mu bonde, kando ya ziwa?
- Ilikuwa saa ngapi? Upepo ulikuwapo?
- Mbuzi, mbwa ao ndege waliwahi kukutwa wamekufa pale?
- Kuna aliyeanguka akimufuata?

Majibu hayo hayatoshi kuhakikisha kila kitu, lakini yanaweza kuondoa lawama juu ya mutu aliyefukuzwa bure, na juu ya watoto wake wanaobeba jina hilo mpaka leo.

Tena yanaonyesha fasi yenyewe. Shimo lililoua babu linaweza kuwa lingali linatoa gazi. Watoto waambiwe wasicheze pale. Mutu akianguka ndani, usishuke kumufuata: ita watu, mumuvute kwa kamba mukiwa juu.