Tarehe ya Ng'ombe wa Boran na Chotara Wake

Ng'ombe wa Boran ni wa Waborana, na chimbuko lake ni Liben, kusini mwa Uhabeshi. Naanza na neno hili kwa sababu wako wanaodai kwamba ng'ombe huyu alitengenezwa na walowezi wa Kizungu wa Laikipia, Kenya. Walowezi walimkuta.

Wazee wanasema Liben ndiko walikozaliwa watu na mifugo pamoja. Kutoka huko walivuka mto Dawa wakaingia Dirre, kisha wakashuka Moyale, Marsabit na Isiolo. Kundi waliligawa mafungu mawili: warra, ng'ombe wa maziwa wanaobaki karibu na boma, na fora, wasiokamuliwa, wanaopelekwa mbali na vijana. Fora ndiyo iliyomuumba Boran, maana asiyeweza mwendo na kiu hakurudi. Dume, yaani korma, alichaguliwa kwa kumtazama mama yake: anakamuliwaje, anazaa kila mwaka, analinda ndama? Waliobaki walihasiwa.

Na asiyeviona visima vya Tula hajawajua Waborana. Ni makundi tisa ya visima, kila kisima na ukoo wake, virefu kwenda chini. Wanaume husimama mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba, na ng'ombe hujua sauti ile wakaja wenyewe. Msimamizi wa kisima, abba herega, ndiye apangaye nani anywe kwanza. Wakati wa kiangazi ng'ombe hunywa siku moja wakakaa siku mbili bila maji. Sijaona shamba la mlowezi lililomfundisha ng'ombe hivyo.

Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mazizi. Aliyefilisika alipewa ng'ombe na ukoo wake kwa desturi ya busa gonofa, na kwa njia hiyo mbegu ikapona.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walinunua ng'ombe hawa kwa Waborana na kwa wafanyabiashara wa Kisomali. Waliwapandisha kwa madume ya Ulaya, Shorthorn na Hereford. Ndama walikuwa wakubwa, lakini kila damu ya Ulaya ilipozidi, kupe, ndigana na ukame viliwamaliza, na walowezi wengi wakarudi kwa dume la Boran. Mwaka 1951 waliunda chama cha wafugaji wa Boran. Haki yao niwape: walipima uzito, wakatunza vitabu vya uzao, wakapata ng'ombe mfupi wa miguu na mnene wa mapaja. Dume lao hufika kilo 500 hadi 850, na jike 380 hadi 450. Nundu, ngozi inayoning'inia shingoni, upole na ulezi wa ndama alikuja navyo kutoka kwa Waborana.

Ndugu zake ni Awai wa Wasomali, na Boran wa Waorma wa Mto Tana. Huyu wa pili amezoea mbung'o; katika ranchi ya Galana, Kenya, alipowekwa pamoja na Boran wa ranchi, aliugua nagana kwa uchache.

Chotara ni wengi. Boran akipandishwa na Hereford, Charolais au Simmental, uzao wa kwanza hukua haraka na kuchinjwa mapema. Ukiendelea kuongeza damu ya Ulaya, josho na dawa vinakula faida. Akipandishwa na Sahiwal, maziwa yanaongezeka. Kwetu Tanzania, ranchi ya Kongwa imemtunza Boran kwa nyama, na damu yake imo pia katika ng'ombe wa Mpwapwa. Katika miaka ya 1990 viinitete vyake vilifika Australia na Afrika Kusini, na watafiti wa Nebraska, Marekani, wakampima kwa kumpandisha na majike yao.

Basi wenye kutunza vitabu vya uzao, popote mlipo, ukurasa wa kwanza andikeni Liben na Waborana. Walowezi waanzie ukurasa wa pili.