Muvi Bora Duniani: Bingwa Kabadilika Mara Tatu

Wale wa "muvi kali ni kali tu, hakuna mjadala", chekini hii. Tangu 1952 jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wachambuzi, kila miaka 10, muvi bora ya muda wote ni ipi. Mwaka huo Citizen Kane haikuingia hata kumi bora. Ikaja kukaa kileleni 1962 mpaka 2002! Vertigo, ambayo baadhi ya wachambuzi waliiponda 1958, ikaitoa 2012. Mwaka 2022 wapiga kura wakaongezwa kutoka 846 hadi zaidi ya 1,600, ikashinda Jeanne Dielman: dakika 201, mama yuko jikoni anamenya viazi. Mwongozaji mmoja mkongwe wa Marekani akawaka, eti kura imepoteza heshima. Muvi yenyewe ni ya 1975, haijaongezwa hata sekunde. Walioulizwa ndio walibadilika.