Jicho la Samawati Lililogeuka Kijani

Oktoba 2014, Ian Crozier alitoka hospitali ya Emory kule Atlanta, Marekani, akiwa amepona Ebola. Daktari huyu mzaliwa wa Zimbabwe, aliyefanya kazi Kampala kabla ya kwenda kusaidia Kenema, Sierra Leone, alikuwa amelazwa siku 40. Damu ilipimwa, ikawa safi. Basi imeisha, si ndiyo?

Chini ya miezi miwili baadaye jicho lake la kushoto lilianza kuuma na kuona ukungu, presha ikapanda ndani yake. Madaktari wakachota majimaji kwa sindano nyembamba, na kumbe kirusi kilikuwa kimejaa humo. Machozi yake, lakini, hayakuwa nacho hata kidogo, kwa hivyo mtu wa kuketi naye meza moja hakuwa na la kuogopa. Siku kadhaa baadaye akajitazama kwenye kioo: jicho la samawati limekuwa kijani.

Jicho ni nyumba yenye askari mlangoni. Kinga ya mwili haiachwi iingie na kupigana ovyo, manake vita vyenyewe vinaweza kupofusha. Kirusi kikishapenya, kinapata maficho. Kinga ikija kukigundua, tabaka la kati linalobeba mishipa ya damu, yaani uvea, linafura. Crozier alipewa dawa za kutuliza mchochota pamoja na dawa ya kirusi, na polepole akaona tena.

Dunia ilishangaa kana kwamba ni jambo geni. Halikuwa. Mwaka 1975, Johannesburg, kirusi cha Marburg, binamu wa Ebola, kilitolewa ndani ya jicho la mmoja wa wanawake wawili waliopona. Kikwit, Kongo, baada ya mlipuko wa 1995, waliopona walilalamika macho. Ila macho ya Kikwit hayakuwa habari kubwa. Ya daktari wa Marekani yakawa, na hilo bado linaniudhi.

Liberia, utafiti ulikuta uvimbe huo kwa takriban robo ya waliopona. Baadhi walibaki na mtoto wa jicho, na nani angethubutu kupasua jicho linaloweza kuwa na Ebola? Freetown walianza kwa kupima: majimaji ya macho ya watu 50, yote safi. Upasuaji ukaendelea.

Na chanjo? Hiyo hubeba protini moja tu ya Ebola juu ya kirusi kingine cha mifugo, hivyo haiwezi kukupa Ebola. Si kwamba haina maudhi: Desemba 2014 majaribio ya Geneva yalisimamishwa kwa muda baada ya baadhi ya watu kuumwa viungo, kisha yakarudi kwa dozi ndogo. Lakini asiyeambukizwa Ebola hana kirusi cha kujificha jichoni mwake. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Waliopona walikuwa zaidi ya 1,100. Kule Beni, baadhi yao waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa sababu wao tu ndio wangeweza kuwabeba bila woga.